Picha ya Lusekelo Akiwa Chini

Nakumbuka vizuri Jumapili ile ya Uyole, mwanangu, hasa ninapokuona umeinamia simu ukipanga picha za mieleka ili watu wazione mtandaoni. Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa na kamera moja, kijichumba nilichokiita studio, na majivuno ya kuwatosha watu watatu.

Baada ya ibada vijana walikutana uwanjani karibu na soko kupigana mieleka. Siku hiyo Lusekelo, kijana aliyepakia magunia kwenye malori, alipambana na Masanja, mtoto wa wafugaji waliohamia Usangu. Raundi ya kwanza Masanja alimbwaga Lusekelo kwenye matope, kaptura ikamchanika nyuma, mdomo ukabaki wazi. Nikapiga picha. Lusekelo akainuka, akashinda raundi mbili zilizofuata, watu wakambeba juu juu. Hiyo nayo niliipiga.

Nilipozisafisha, nilibandika picha nane kwenye ubao nje ya studio. Ile ya matope niliikuza, nikaiweka katikati, chini yake nikaandika: BINGWA WA MATOPE. Ya ushindi niliiacha kwenye droo. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, na mimi nikajiona fundi kwelikweli.

Lakini siku ya soko walikuja wengi ambao hawakuwapo uwanjani, mmoja wao baba yake Atupele, binti aliyekuwa akiposwa na Lusekelo. Mzee yule aliitazama picha, akaondoka bila kununua hata kitunguu. Jioni hiyohiyo alituma ujumbe kwamba mazungumzo ya posa yamekwisha. Haikupita wiki, Lusekelo akapanda lori kwenda Makongolosi kuchimba dhahabu.

Kisha akaja mama yake, aliyeuza viazi pale sokoni. Nilijiandaa kutukanwa. Hakunitukana.

“Baba, mwanangu alishinda au alishindwa?”

“Alishinda, mama.”

“Picha ya kushinda iko wapi?”

“Iko ndani.”

“Basi mwanangu umemfungia ndani. Huyu uliyemweka nje mimi simjui.”

Akajitwika kapu lake, akaenda zake. Mwanangu, nimewahi kupigwa makofi, lakini hayakuniuma hivyo.

Niliibandua picha siku hiyo. Nikaitoa ile ya ushindi kwenye droo, nikaipeleka kwa baba yake Atupele. Aliitazama kwa muda mrefu, akasema nimechelewa. Binti ameshachumbiwa na mtu wa Kilolo, huko Iringa. Ndipo nikaenda Makongolosi. Nilimkuta Lusekelo amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Nikampa picha.

“Kumbe unayo,” alisema.

“Ninayo tangu siku ile.”

“Sasa nikufanyeje, kaka? Nikupige mieleka?”

Akacheka kidogo. Mimi nikalia. Alinisamehe, na tulizeeka tukiwa marafiki, ila uwanjani hakurudi tena. Uyole ikapoteza mpiganaji wake mzuri kuliko wote kwa sababu nilitaka watu wacheke.

Kwa hiyo nakuomba, mwanangu. Unapopanga picha zako, usimwoneshe mtu akianguka ukaficha alivyoinuka. Andika jina lake sawasawa, na ueleze jinsi pambano lilivyokwisha, maana atakayeitazama huenda hakuwapo, na ataamini utakachomwambia wewe. Picha ya kumwaibisha mtu, muulize kwanza mwenyewe. Na mtu akikuomba uiondoe, iondoe, hayo mengine mtazungumza baadaye. Ubao wangu ulionwa na soko moja tu, na ulitosha kumhamisha mtu. Wa kwako unaonwa na watu ambao hata huwezi kuwafuata ukawaeleze.

Mungu akupe jicho jema na mkono usio na haraka. Uliowapiga picha wafurahi kukuona ukija, na mama zao wakukaribishe chakula. Amina.