Mikono Yote ya Kushoto

Siku ya kwanza kazini niliingia darasani na mkasi mpya, chaki mbili na majivuno ya mtu aliyetoka kupata cheti. Ilikuwa katika mji wa Aru, kwenye kituo kidogo cha kufundisha ushonaji. Mkuu wa kituo, Mama Direktrise, alikaa nyuma ya darasa asubuhi nzima. Nilipomaliza aliniambia, "Weye unafundisha muzuri. Lakini mikono yako iko inasema kuliko kinywa." Nilidhani ni sifa, nikatembea nayo miaka mingi.

Kutoka Aru nilipelekwa Djugu, kisha Bunia, nikawa msimamizi wa karakana. Huko ndiko vita vilikonikuta.

Wanafunzi wangu tisa wa mwaka wa mwisho, wote wanawake, walikaa mtaa wa Lumumba, mbali na kituo, na zilipita wiki nzima njia ya kuja kituoni haipitiki. Mtihani haukuwa umefutwa. Wengi wao walikuwa wamekimbia mashamba yao Djugu, na bila cheti wasingekuwa na kazi yoyote ya kushika. Niliwahangaikia kama watoto wangu wa kuzaa.

Nilikwenda kwa mkuu wetu wa Bunia, Direktere, mtu mkavu ambaye hakucheka ovyo.

"Utafundisha namna gani watu hauone?" aliniuliza.

"Na kaseti, Direktere. Unipe radio ya biro."

Aliitazama radio yake ya ofisini, ile ya kurekodi kaseti, kwa huzuni, akanipa.

Mpango ulikuwa huu. Maelezo nayasema kwenye kaseti. Muuguzi mmoja aliyeruhusiwa kupita vizuizi anaipeleka Lumumba kwa Bahati, mkubwa wao kwa umri, mwenye radio ya kaseti na cherehani ya miguu. Wanasikiliza pamoja na kukata. Njia ikifunguka, wanakuja karakanani na kazi yao, tunasahihisha mkono kwa mkono.

Somo la mkono wa blauzi ndilo lililoniumbua. Patroni ni ile karatasi unayoifuata kukata kitambaa. Nilisema kwenye kaseti: weka patroni, chora, kata mkono wa kwanza, na wa pili fanya vilevile.

Njia ilipofunguka walikuja na vifurushi vyao. Nilitandaza mikono kumi na minane mezani. Yote ilikuwa ya kushoto, na kitambaa kilikuwa na uso mmoja, hakigeuziki.

"Bahati, ni nini hii?"

"Mama, mu kaseti ulisema vilevile. Siye tukafanya vilevile."

Walikuwa na haki. Upande wa mbele wa mkono wa blauzi huchimbwa, yaani hukatwa kuingia ndani, zaidi kuliko wa nyuma, kwa hiyo ukikata wa pili lazima uipindue patroni. Miaka yote kinywa changu kilisema "vilevile" huku vidole vikiipindua mbele ya macho yao. Kaseti haina vidole. Nilimkumbuka Mama Direktrise, nikaona haya mpaka masikio yakawaka.

Nilirekodi upya nikiwa nimeikalia mikono yangu. Kisha nikampa Direktere, ambaye hakuwahi kushika mkasi wa fundi, karatasi na mkasi, nikamwomba asikilize na kukata.

"Mwalimu, 'upande ule' iko upande gani?" aliuliza.

Nikafuta, nikasema tena: upande wa dirisha, upande wa tumbo lako. Hakuna kaseti iliyotoka bironi kabla Direktere hajakata sawasawa. Mwisho alikuwa akionyesha wageni mikono yake ya karatasi.

Siku ya mtihani wote tisa walipita. Mkaguzi alishika kila blauzi, akavuta mkono wa kuume, akavuta wa kushoto, akaweka alama.

"Nani alifundisha hawa?"

"Ni miye, na radio ya Direktere," nilijibu, na Direktere akacheka mbele za watu. Tisa kati ya tisa. Nilijisikia mrefu kuliko mlango.

Sasa nimestaafu. Bahati ndiye anayefundisha karakanani, na wanafunzi walio mbali anawatumia masomo ya video kwenye simu. Juzi alikuja kwangu kunionyesha moja, la mkono wa blauzi. Picha ilikuwa safi, mikono yake ikicheza vizuri.

"Mama, mbona hauangalie?" aliniuliza.

Nilikuwa nimefumba macho, nasikiliza tu kama kaseti. Sauti yake ilisema: sasa pindua patroni, mgongo wake ukuangalie weye.

Nikamwomba aniletee karatasi na mkasi.