Mzinga wa Nyanya

Vita vya Iraki vilipoanza nilikuwa mwalimu wa fizikia Kitengela, na kila jioni niliketi kwa mwenye nyumba wangu, mama mzee wa Kimaasai niliyemwita yeyo, yaani mama, nikimweleza mambo ya televisheni. Nakiri nilifurahia. Kombora likipita dirishani kama mgeni aliyealikwa, nilipiga meza.

"Hiyo ni hesabu tupu, yeyo!"

"Na kwa hiyo nyumba kulikuwa na nani?" aliuliza.

Nikamwambia hilo si swali la fizikia.

Mwaka huo nilitaka kikombe cha mashindano ya sayansi kuliko nilivyotaka mke. Mimi na wanafunzi wangu tukaunda mzinga: paipu ya plastiki, valvu ya tairi na pampu ya baiskeli. Risasi zilikuwa nyanya za Kimana, zile ngumu. Siku ya majaribio, nyuma ya nyumba, tulilenga gunia la majani. Naibu wa mwalimu mkuu, mtu mzima na tai yake, akaomba afyatue mara moja tu. Gunia halikuguswa. Yeyo alikuwa anakamua ng'ombe kando ya ua. Nyanya ilimpata kwenye paji la uso, na maziwa yote yakamwagika.

Naibu akakimbia kuomba msamaha. Yeyo akacheka, akamshika mkono. Nami nikanyoosha wangu, utetezi ukiwa tayari mdomoni.

"Si mimi nimefyatua, yeyo. Mimi nilitengeneza tu."

Kicheko kikakatika. Akaingia ndani, akarudi na kikopo cha mafuta ya kondoo, akajipaka kiganjani bila haraka, ndipo akanipa mkono.

"Babu yangu alikuwa fundi wa mikuki," akasema. "Mtu akija kuchukua mkuki yake, anapaka mkono mafuta kwanza, ndio ile damu ya watakaodungwa isimshike. Mpaka watu walikuwa wanakataa kutuoa. Na hakuwahi kudunga mtu. Alikuwa anatengeneza tu."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Lakini mashindanoni sikujitoa, msinifikirie malaika. Mzinga ukashinda Kajiado nzima. Siku ya gwaride la shule, mwalimu mkuu, naibu, wazazi na hata kasisi walipanga foleni kunipa mkono wa pongezi, nami nikawa natazama viganja vyao kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vikavu.