Miezi Mitano Mume Wangu Anadhani ni Nyama

Admin, ficha jina langu, ingawa wenye watanijua watanijua tu. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nina watoto wawili, tunaishi Sarang'ombe, Kibera. Mume wangu, tumwite Baba Mercy, ni fundi wa milango ya chuma. Ni mtu mzuri, niwaambie mapema, msije mkaanza kuniambia nitoroke. Ninayemwogopa leo ni mimi mwenyewe na kitu nilichofanya.

Mwaka jana alianza kuumwa kidole gumba cha mguu. Kinavimba, kinawaka moto, hata shuka ikikigusa analia kama mtoto. Kliniki wakasema ni gauti. Daktari alimwambia nikiwa hapo, "Mzee, nyama nyekundu na maini wacha kabisa. Ukiendelea utaharibu figo." Akapewa dawa za kumeza kila siku. Hatujafika hata kwa geti akaniambia, "Huyo daktari ni mtoto. Mimi nimezaliwa Vihiga, siwezi kula majani kama mbuzi." Nikipika sukuma na maharagwe anasukuma sahani na kuuliza, "Leo kumekufa nani?" Halafu anaenda zake kibandani kula matumbo, na kesho yake mguu uko juu ya stuli.

Sasa mimi nafanya kazi ya nyumba upande wa Ayany, kwa mama mmoja asiyekula nyama. Watoto wake wanapenda chakula cha kukunjwa kama chapati, kinaitwa taco, jina ambalo siwezi kulitamka mbele ya mama mkwe. Nikajifunza. Jioni nikitoka kazini napitia soko la Toi nanunua soya kavu ya kusagwa, avokado na kabichi ndogo. Soya naimwagia maji moto dakika kumi, binti yangu Mercy anaikamua, mimi naikaanga na kitunguu, saumu, nyanya, dhania na pilipili mpaka ikauke na kushika rangi. Chapati nanunua kwa jirani zikiwa bado moto. Natandaza soya, naweka kabichi iliyokatwa nyembamba na ndimu, naweka avokado ya kuponda, nakunja. Nusu saa tu, watu wanakula.

Siku ya kwanza nilitaka kumwambia. Haki ya Mungu nilitaka. Lakini aliuma, akafumba macho, akasema, "Mama Mercy, hii nyama ya kusaga umetoa wapi? Hiyo bucha yetu hainanga kitu kama hii." Mercy akaniangalia. Mimi nikajibu, "Nimepata bucha mpya huko Toi." Ndiyo hivyo. Uongo mdogo, nikasema nitausahihisha kesho, na kesho ikawa miezi mitano.

Aliacha kibanda. Akaanza kurudi mapema kwa sababu ya chakula changu. Mguu ukapona, dawa alikuwa anameza kwa sababu namwekea kando ya chai, na nyumba ikawa na raha ambayo sijaiona tangu tuoane. Wifi yangu, dada yake anayekaa Kawangware, alikuja kututembelea akamkuta ndugu yake anaosha vyombo. Alinifuata jikoni akaninong'oneza, "Kwani wewe ulimlisha nini?" Alikuwa anatania. Mimi nilishindwa kucheka. Mnajua kwetu mwanamke anayemlisha mume kitu asichokijua anaitwaje. Hakuna mtu atakayeuliza kama kilikuwa soya.

Jumapili iliyopita akasimama kanisani kutoa ushuhuda. "Daktari alinikataza nyama! Nimekula nyama miezi mitano, na mguu ndio huu!" Akaruka juu mara mbili, watu wakapiga vigelegele. Nilikuwa nimeshika mkono wa Mercy na ulikuwa umelowa jasho. Tulipofika nyumbani akamwaga dawa zote chooni. Akasema, "Mungu hafanyi kazi nusu."

Baba Mercy hajawahi kuniinulia mkono. Yeye akidanganywa ananyamaza. Ndugu yake alimdanganya kuhusu kipande cha shamba, na huu ni mwaka wa nne hawajasalimiana, hata kwenye matanga ya baba yao walikaa mahema tofauti. Huo unyamavu ndio naogopa, na hiyo ilikuwa shamba tu. Hii ni mwili wake.

Leo jioni amerudi na kifurushi cha gazeti kinavuja damu. Kilo mbili za ng'ombe, na maini juu. Alikuwa anatabasamu. "Umenilisha vya kutosha, leo ni mimi. Tengeneza ile kitu yako, lakini weka nyingi." Nilikipokea kile kifurushi nikaingia nacho jikoni. Mercy akanifuata jikoni akaniuliza polepole, "Mama, baba akikula hiyo, si atakufa?" Mtoto wa miaka kumi na moja. Mimi ndiye niliyemfundisha kunyamaza.

Nikatoka nikamwambia gesi imeisha. Tumekunywa chai ya thamosi na mkate, nyama nimeiombea nafasi kwenye friji ya jirani. Hakukasirika hata kidogo. Amesema kesho akitoka kazini ataubeba mtungi mwenyewe akaujaze, nisijichoshe.

Nikisema, nitakuwa mchawi kwa watu wao na mwongo kwake, na kanisa zima litamcheka. Nikinyamaza, atakula, na dawa hana tena. Nyinyi mlioolewa, na hata nyinyi wanaume, mngetaka mwambiwe vipi jambo kama hili? Nishaurini haraka, nitasoma kila komenti. Ule mtungi niliujaza Jumamosi. Akiuinua tu, atajua.