Mke wa Namba Yake Mwenyewe

Jumatano saa tatu asubuhi, katika kituo cha huduma za wanajeshi wastaafu, Gia aliambiwa arudi nyumbani akamlete mumewe.

Aliyemwambia alikuwa karani wa dirisha la pili, binti wa miwani, mpole, wa wale wanaosema samahani hata wakikanyagwa wao. Gia aliinamisha kichwa hadi kwenye kitundu cha kioo.

"Nimlete nani?"

"Mumeo, mama. Mwenye namba ya jeshi. Faili ni lake, kwa hiyo yeye ndiye anayetakiwa kusaini."

"Mwanangu, mimi sina mume na sijawahi kuwa naye. Wamekuja kuulizia wawili watatu, hatukuafikiana."

Nyuma yake kwenye foleni kulikuwa na mzee wa mkono mmoja, zamani mpiga tarumbeta wa kikosi. Alicheka mpaka akakohoa. Karani hakucheka. Aligeuza faili, akalibandika kwenye kioo ili Gia ajisomee mwenyewe.

Jina la Gia alipewa jeshini na madereva wenzake, kwa sababu alikuwa anabadilisha gia za lori la tani saba bila chuma kulia. Aliendesha malori ya mizigo miaka kumi na moja, akapanda hadi koplo. Kisha siku moja lori lake likakanyaga bomu lililotegwa barabarani, na mguu wake wa kushoto ukabaki huko huko, kuanzia chini kidogo ya goti. Alipotoka jeshini hakwenda kumlilia mtu. Alitafuta meza kwenye mtaa wa magereji, akaanza kuuza vipuri vilivyotumika: rejeta, stata, pampu za maji. Leo ana chumba chenye mlango wa chuma, na mafundi wa mtaa mzima wanajua kwamba kumshusha Gia bei ni sawa na kung'oa jino kwa kidole.

Mguu wa bandia aliopewa hospitali miaka hiyo ulikuwa umepasuka kwenye kifundo. Alikuwa ameufunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli na klipu mbili za mpira wa rejeta, na kila hatua ulilia kama mlango wa ghala. Kelele haikumsumbua. Kilichomsumbua ni kigutu: kimechubuka, kidonda hakifungi, na muuguzi wa zahanati hakuuma maneno. Miezi michache zaidi juu ya mguu huo, watakata tena, na safari hii watakata juu ya goti. Kwa hiyo aliposikia kwamba kituo kimeleta fundi wa viungo bandia, wa kupima wastaafu wiki hii tu, mwisho Ijumaa saa sita mchana, alifunga duka. Gia hafungi duka hata akiwa na homa.

Sasa alisoma. Faili lilisema mwenye namba ni koplo, dereva, mzima wa afya, hana jeraha lolote. Chini yake lilisema mke wa mwenye namba amekatwa mguu wa kushoto.

"Alaa!" akasema Gia, maana alikumbuka.

Hospitali ya jeshi siku zile ilikuwa na wodi ya askari, na askari maana yake ilikuwa wanaume. Wanawake walilazwa wodi ya familia, na wodi ya familia haikumpokea mtu mpaka aandikwe kuwa ni mke au mtoto wa namba fulani. Muuguzi wa zamu alimkuta Gia koridoni anavuja damu. Hakuwa na muda wa kubishana na kanuni. Alichukua fomu ya familia, akaandika "mke wa", akamalizia na namba ya kibati cha askari kilichokuwa kinaning'inia shingoni mwa Gia mwenyewe. Kitanda kikapatikana. Hakuna aliyerudi kusahihisha. Tangu siku hiyo, kwenye makaratasi, Gia alikuwa ameolewa na Gia: mume ana miguu miwili, mke ana mmoja. Haikuwahi kumdhuru kwa sababu hakuwahi kuomba kitu.

"Kwa hiyo mimi ndiye mume," akamwambia karani. "Haya, nimekuja."

"Samahani, mama. Hilo mpaka kwa mwenyekiti."

Mwenyekiti wa chama cha wastaafu alikuwa kapteni zamani, kapteni wa stoo, na bado alikuwa na tabia ya stoo: kila kitu kipo, lakini si chako. Ukutani kwake palijaa matangazo. Ushauri nasaha kila Jumanne. Mafunzo ya ufundi. Msaada wa kisheria. Uhakiki wa wanachama. Alimsikiliza Gia huku anachezea kalamu, halafu akatabasamu.

"Hili dogo, mama. Kubadilisha faili ni kazi ya makao makuu, miezi sita, pengine mwaka. Lakini wajane wana nafasi zao, na nafasi tatu hazijachukuliwa. Unaapa mbele ya wakili kwamba mwenye namba ameshafariki, kesho tunakupa kadi ya mjane, Ijumaa unapimwa. Na cherehani juu yake, kama wajane wote."

"Afande, mwenye namba ni mimi."

"Ni karatasi tu."

"Nisaini kwamba nimekufa?"

"Usinichukulie vibaya. Wewe ni mfanyabiashara, unajua mambo haya. Mtu anachukua kilichopo mezani."

Gia alikuwa amezoea watu wanaoharakisha kumkabidhi mzigo. Mtu wa namna hiyo humwulizi juu ya mzigo, unamwuliza juu ya kesho yake.

"Mguu wa mjane ukivunjika, inakuwaje?"

"Msaada wa wajane hutolewa mara moja."

"Na wa askari?"

Mwenyekiti alikohoa. "Askari hubadilishiwa kila baada ya miaka mitatu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka... maisha yake yote."

"Na kliniki ya vidonda?"

"Hiyo ni ya askari."

"Basi unaniuzia gari lisilo na injini, halafu unataka nifurahie honi," akasema Gia, akainuka. "Cherehani yenu kaeni nayo."

Nyumbani alikuwa anaishi na mdogo wake, fundi cherehani, katika vyumba viwili vinavyotazama uwanja wa kuanikia nguo. Mchana ule mdogo mtu alimshikia beseni Gia akiosha kidonda kwa maji ya chumvi, akasikiliza habari yote mpaka mwisho. Kisha akaweka beseni chini.

"Chukua huo mguu, dada. Kufa kwenye karatasi hakuumi."

"Wewe unataka cherehani."

"Naitaka, nikudanganye? Hii yangu inaruka mshono tangu mwaka juzi. Lakini nataka na dada mwenye goti. Ukikosa Ijumaa, huyo fundi anarudi lini?"

"Hajasema."

"Umeona? Huko kwenye vyuma vyako ukikataa bei, mteja anarudi kesho. Hili goti likienda halirudi."

Mdogo wake hakuwa mjinga, na kidonda kilikuwa pale pale mbele yao, chekundu, hakihitaji shahidi. Alikausha kigutu taratibu kwa kitambaa. Angeweza kusaini. Angetembea vizuri miaka mitatu, minne akijitunza, na baada ya hapo mguu ukipasuka angeenda dirisha gani? Marehemu hana dirisha.

"Mtu akiniletea injini ya kuuza," akasema hatimaye, "mimi naangalia nini kwanza?"

"Mimi nitajuaje? Mafuta."

"Namba. Si ya kwenye kadi, maana kwenye kadi mtu anaweza kuandika hata shangazi yake. Naangalia iliyopigwa kwenye chuma."

Akanyanyua mkono wa kulia, akalitazama dole gumba lake. Lilikuwa na kovu, limekata nyama kutoka upande hadi upande. Alipokuwa na miaka kumi na minne mkanda wa feni ulimkata akiwa anachungulia injini kwenye gereji ya mjomba wake.

Ijumaa saa tano walikuwa kituoni wote wawili. Foleni ilikuwa imefika getini. Gia alikwenda moja kwa moja dirisha la pili, na waliotaka kunung'unika waliusikia mguu unavyolia, wakampisha.

"Mume amekuja," akamwambia karani.

Karani alichungulia nyuma yake, akamwona mdogo mtu na mpiga tarumbeta. "Yuko wapi?"

"Nitolee karatasi mbili kwenye faili. Fomu ya siku alipoandikishwa jeshini na fomu ya siku mke alipolazwa. Zote zina dole gumba. Ziweke ubavu kwa ubavu, halafu nipe wino."

Karani alisita, lakini alikuwa msomi wa faili, na msomi wa faili hawezi kukataa kulinganisha. Alizitoa. Gia alichovya dole gumba, akaligandamiza kwenye karatasi nyeupe, akaipitisha kwenye kitundu. Binti alivua miwani, akainama mpaka pua ikakaribia meza. Alama tatu, na katikati ya kila moja mstari ule ule, umepita kama barabara iliyokata shamba.

"Mungu wangu," akasema karani. "Ni wewe."

"Nilikwambia tangu Jumatano."

Karani alizikusanya karatasi zote tatu, akafunga dirisha lake, akatangulia mwenyewe ofisini kwa mwenyekiti bila kupiga hodi. Mpole yule!

Mwenyekiti aliangalia alama kwa muda mrefu. "Naona," akasema. "Naona kabisa. Vizuri sana. Sasa tunaandika barua makao makuu."

"Iandike. Wakati unaandika, mimi napimwa."

"Hilo haliwezekani."

Saa ya ukutani ilisema saa tano na nusu. Kupitia mlango uliokuwa wazi Gia alimwona fundi wa viungo, mwanamume wa aproni nyeupe, ameanza kukunja turubai lake. Basi Gia akaketi kwenye kiti cha wageni, akapandisha suruali, akalegeza klipu ya kwanza, akalegeza ya pili, akauvua mguu, akauweka juu ya meza ya mwenyekiti, katikati ya barua zake.

"Mama, unafanya nini?"

"Koplo."

"Nini?"

"Unaniita mama, mama. Mimi ni koplo. Huo mguu nimeshamaliza kazi nao, nauacha kwako. Na kwa kuwa bila huo siwezi kutembea, na mimi nipo hapa."

Mwenyekiti alimgeukia mdogo mtu. "Dada, mwambie."

"Afande, mimi nimeishi naye miaka yote hii," akasema mdogo mtu. "Huyo hatoki. Bora uagize godoro."

Mlangoni vichwa vilikuwa vimeshajaa. Mpiga tarumbeta alisimama mbele. "Mbebeni basi," akasema kwa sauti ya foleni nzima. "Tuone kapteni wa stoo akimbeba dereva wa mstari wa mbele kumtupa nje." Watu wakaangua kicheko. Shingo ya mwenyekiti ikabadilika rangi.

Gia hakutaka kicheko kiendelee sana. Mtu aliyeaibishwa hauzi, hata akitaka kuuza. Lazima umwachie mlango wa kutokea.

"Afande," akasema kwa sauti ya chini, "sikuombi ubadilishe faili. Huna mamlaka hayo, umeshaniambia, nimekubali. Lakini soma hilo tangazo nyuma yako. Uhakiki wa wanachama."

Mwenyekiti alilijua tangazo lake, lakini aligeuka. Lilikuwa na saini yake mwenyewe: mstaafu atahakikiwa mbele ya mwenyekiti kwa namba ya jeshi na alama ya dole gumba.

"Namba hiyo hapo, na dole gumba hilo hapo," akasema Gia. "Tangazo halisemi kwa ndevu. Saini kwamba mwenye namba amefika mbele yako akiwa hai. Hilo ni la kweli, na ni kazi yako, hakuna mtu wa makao makuu atakayekuuliza. Aliyehakikiwa anapimwa. Mengine uwaandikie kwa nafasi yako."

Mwenyekiti aliutazama mguu juu ya barua zake, akawatazama watu mlangoni, akaitazama saa. Akafungua droo, akatoa fomu ya uhakiki, akasaini kwa nguvu mpaka kalamu ikachana karatasi.

Gia hakuinuka.

"Bado nini tena?"

"Huyu binti aandike kwenye fomu ya hospitali. Asifute kitu, aandike pembeni tu: mke huyu ndiye mwenye namba. Na tarehe ya leo. Kalamu kwanza, plasta baadaye."

Karani hakusubiri ruhusa. Aliandika kwa herufi kubwa, akagonga muhuri mara mbili, mara ya pili bila sababu yoyote.

Dakika kumi kabla ya saa sita, Gia alikuwa juu ya turubai, mdogo wake amemshika bega, na fundi wa viungo anamzungushia kigutu bandeji zenye plasta ya uvuguvugu. Alikuwa ameshaanza kubishana na fundi: anataka kifundo kinachokunja, yeye ni dereva, na klachi haikanyagwi kwa gogo. Fundi anasema kifundo cha namna hiyo ni cha maofisa. Gia akamwuliza kama maofisa wana goti la aina nyingine.

Mwenyekiti alikuja akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Nakuonya, Koplo. Makao makuu wakikataa, mguu utarudishwa."

"Waambie waje kuuvua wenyewe," akasema Gia, akamgeukia fundi. "Kaza hapo nyuma, kaka. Pamelegea."