Mjue Jirani Yako Kabla ya Bendera ya Kijani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika stesheni ya Kampala, sikupewa bendera. Nilipewa fagio. Vita vilikuwa vimekwisha, reli ilikuwa inaamka, na mabehewa yaliyokaa bila kazi yalikuwa yamegeuka mabanda ya kuku. Mkuu wa Stesheni, mtu wa Teso mwenye kofia iliyonyooka kuliko reli yenyewe, aliniambia anayetaka kuwa gadi aanze kwa kukijua kila kiti. Nikafagia mpaka nikavijua. Vijana mnaosoma haya mnaweza kucheka, lakini mimi bado najivunia lile fagio.

Wengi hudhani dereva ndiye mkuu wa treni. Dereva huendesha injini tu. Gadi, anayekaa behewa la mwisho, ndiye mwenye treni. Dereva hupewa tokeni, kipande cha chuma cha kuonyesha kwamba njia ya mbele ni yake peke yake, na hata hivyo haondoki mpaka aone bendera yangu ya kijani na kusikia filimbi. Nilianzia Tororo nikipanga mabehewa, kisha Jinja, chini ya Mkuu wa Stesheni mkali asiyevumilia mtu kutema mate kwenye jukwaa. Hatimaye nikapewa treni ya abiria ya Kampala kwenda Nairobi. Siku hiyo baba yangu, polisi mstaafu kutoka Kitgum, alinipigia saluti.

Nilikuwa na desturi yangu, ambayo haikuwa katika kanuni yoyote. Kabla ya kuondoka Kampala nilipita kila behewa nikiwaamuru abiria wajuane na majirani zao wa kiti: jina, mzigo, na mahali pa kushuka. Jirani yako akipotea, niliwaambia, nitakuuliza wewe. Wengine walinung'unika kwamba gadi huyu kageuka mshenga. Ushauri mwingine nao sikuwanyima. Funga mzigo kwa kamba kwenye chuma cha kiti. Usinunue ndizi dirishani huku umeshika pochi mkononi. Pasi ya kusafiria iweke karibu, usije ukafumua sanduku zima mpakani Malaba watu wakakuona mpaka nguo za ndani.

Safari moja, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Kongo ya mashariki, Mama Furaha, aliketi na binti yake mchanga kando ya Mama Okello, mke wa polisi, mtu wa kaskazini kama mimi. Mama Furaha alikuwa anamfuata mumewe Nairobi. Vita vya kwao vilikuwa vimewatenganisha. Tulipofika Jinja alimwachia jirani mtoto aliyelala, akashuka kutafuta maji ya moto ya uji. Sasa, kwao, enzi za injini za mvuke, abiria walimwomba dereva maji ya moto. Basi akatembea urefu wote wa treni na chupa yake ya chai mpaka kwenye injini yetu ya dizeli, isiyo na tone la kumpa mtu. Msaidizi wa dereva alimcheka, kisha akamwelekeza kwa wauza chai nje ya geti.

Mimi hayo nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule dereva alikuwa na tokeni yake, treni ya mizigo ilikuwa Iganga ikisubiri tuiachie njia, na katika behewa langu alikuwemo Mkaguzi wa Treni, bosi aliyeweza kunirudisha kwenye fagio. Nilikuwa nimekwisha kuikunjua bendera ya kijani Mama Okello alipotoa kichwa dirishani, mtoto begani.

"Afande gadi, jirani yangu hajarudi. Mtoto yake iko na mimi hapa."

Nikaikunja ya kijani, nikatoa nyekundu. Mkaguzi akashuka amevimba kwa hasira.

"Wewe unasimamisha treni yangu kwa sababu ya mama moja? Huyo atapanda basi."

Niliogopa, sitaficha, nilikuwa na watoto shuleni. Lakini akilini nilimwona mtoto yule akivuka mpaka bila mama, na mama akibaki Jinja bila mtoto.

"Mukubwa," nikamwambia, "treni ni yako. Bendera ni yangu."

Tukangoja. Dereva akapiga honi, abiria wakaguna. Halafu Mama Furaha akatokea getini mbio, chupa mkononi, kiatu kimoja kimebaki nyuma. "Nilikuwa natafuta mayi ya moto ya mutoto," alisema akihema, na Mama Okello akamvuta mkono akapanda. Sijawahi kuipeperusha bendera kwa moyo mweupe kama siku ile.

Mkaguzi hakunisamehe. Nilipelekwa treni za mizigo, nikasafiri na saruji na mafuta, abiria wasioshuka kutafuta chai. Nilikasirika, kisha nikazoea. Halafu yeye mwenyewe akanirudisha kwenye abiria, bila maelezo. Punde mkewe akasafiri nasi. Mkaguzi alimsindikiza mpaka kitini, akamgeukia bibi wa kiti cha pili, akamwuliza jina lake na mahali atakaposhuka. Mimi nilijifanya naangalia dari.

Treni ile ya Nairobi haipo tena, nami nimestaafu hapa Kyebando, Kampala. Najivunia jambo moja kuliko yote: bendera yangu haikumwacha mtu. Furaha, yule mtoto, sasa ana duka la vitenge Kisugu, jijini humu humu, na ana mama wawili, maana Mama Okello hakukubali kumwachia tena. Juzi alikuja kuniaga, mwanawe mchanga mgongoni. Anakwenda Tanzania, atapanda ile treni ya umeme ya Dar es Salaam mpaka Dodoma, na alitaka ushauri wa mtaalamu. Nikavuta kiti. Fika mapema, nikamwambia, maana mizigo hukaguliwa na milango hujifunga yenyewe. Beba kidogo. Uji upike kabla ya safari. Usishuke Morogoro kunyoosha miguu. Na kabla haijaondoka, jirani yako ajue jina lako.

Alicheka, akaniita babu kwa Kiganda. "Jajja, treni ile iko na kamera kila mahali."

"Kamera itakuona umebaki," nikasema. "Lakini nani atamwambia gadi?"

Akaacha kucheka. Alipeleka mkono nyuma, akamshika mtoto mguu, kisha akaniuliza ataanzaje kuongea na mtu asiyemjua.

"Anza na jina la mtoto," nikamwambia.