Msuka Mikeka na Mtoto Asiyeitika

Miaka ile ya vita, jirani yetu pale Bagamoyo alikuwa mama wa makamo aliyesuka mikeka barazani kwake. Vidole vyake vilikuwa na madoa ya rangi yasiyotoka kwa sabuni, na sauti yake ilikuwa ya chini hata akiitikia hodi. Watoto wakicheza, aliwatazama sana bila kuwaita. Nyumba ya pili aliishi Mwanajuma, na bintiye Ashatu alikuwa na miaka mitatu, hasemi neno, hageuki akiitwa, wala hamtazami mtu usoni. Ndugu wa mume walisema ana pepo, wakapanga kumpigia ngoma. Mwanajuma, macho yamemvimba kwa kulia, akamleta mtoto kwa yule msuka mikeka.

“Shikamoo, mama. Mwanangu ni kiziwi?”

“Marahaba. Si kiziwi. Tukitwanga mtama huziba masikio akakimbia. Kelele zinamuumiza. Hiyo ngoma waiache, na mumeo akikataa nitakwenda kusema naye mwenyewe.”

“Basi atasema lini?”

“Sijui, mwanangu. Niletee kila asubuhi, tumlee sote.”

Ngoma haikupigwa. Kila asubuhi yule mama alisuka huku ameacha ncha ya ukili, ule mkanda wa miyaa anaousuka, sakafuni, asimwangalie mtoto, na Ashatu akasimama mbali ukutani. Hata siku moja akaja polepole, akaushika ukili, akaketi, akamwegemea yule mama mgongo kwa mgongo. Mwanajuma, aliyekuwa amesimama kando ya baraza, akafungua kinywa amwite mwanawe.

“Usimwite,” jirani akanong’ona. “Njoo uketi nasi.”