Ekru za Mashini ya Kusaga

Mke wangu alisema buloni zinakunywa munkoyo kuliko bwana wake, na siku zile alikuwa na haki. Nyuma ya nyumba yetu kule Katuba nilikuwa na kibanda cha mabati nilichokiita atelye. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni ya umekanika, na diploma yangu niliitundika ukutani, kubwa kuliko dirisha. Chini yake kulikuwa na beseni. Ndani ya beseni, katika munkoyo uliochacha mpaka nzi wakakohoa, zililala buloni za mashini ya kusaga ya jirani yangu, pamoja na ekru zake. Wengine wanasema bolti na nati. Kutu ni ileile.

Ilikuwa wakati Katanga ilipojitangaza nchi. Mji ulikuwa bado una jina la malkia wa Wabelgiji, lakini bendera ilikuwa mpya, yenye misalaba ya shaba. Wazungu wengi walikuwa wamekimbia. Mmoja wao, mwenye shamba njia ya Kambove, alimwachia jirani yangu mashini iliyokuwa imelala nje msimu mzima wa mvua. Injini ilikuwa nzima, ila kutu ilikuwa imeshika kila kiungo. Nasema kweli, buloni moja tuliivuta watu wanne na mbwa.

Mafuta ya taa yalikuwa adimu, ndiyo sababu ya munkoyo. Kinywaji kile cha mahindi na mizizi, kikichacha, kinang'ata kutu kama kinavyong'ata tumbo. Tuliloweka, tukasugua kwa burashi ya waya, tukaosha kwa maji ya majivu, tukaanika juani, tukapaka mafuta ya mawese. Jirani hakukubali ekru zichanganyike. Kila moja aliirudisha kwenye buloni yake kwa vidole, taratibu, mpaka mwisho, ndipo akaipiga alama.

"Hizi zimezoeana," alisema. "Ukizibadilisha zitagombana."

Wazazi wake walitoka Kasai kuja kufanya kazi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuiona Kasai hata kwenye picha. Lakini siku zile neno "Mukasai" lilikuwa limegeuka tusi barabarani, na familia nyingi za kwao zilikuwa zimekwisha kwenda kwenye kambi nje ya mji, iliyolindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za buluu. Mke wake alitaka waende. Yeye alitaka kubaki, na kubaki kwake kulikuwa ndani ya beseni langu.

"Prof," aliniambia, maana diploma yangu ilimchekesha sana, "banamuke ba hapa banaenda kusaga mbali. Mashini ikitembea, kila nyumba itakula bukari ya unga wangu. Muntu anaweza kumufukuza mwenye kumusagia?"

"Wewe? Batakuweka kwa bendera, katikati ya misalaba."

Nilisema kwa mzaha, lakini niliamini.

Siku mashini ilipowaka, mlio wake ulifika Sakania mpakani na wazungu wa forodha wakasimama wima. Wanawake walipanga mstari na mabeseni yao. Wote walimwita baba. Kulikuwa na mama mmoja, jirani yetu wa ng'ambo ya njia, ambaye mwanawe alikuwa mkubwa wa vijana wa chama tawala katika mtaa wetu. Huyo mama alisagiwa kwanza, kabla ya wote.

Alasiri moja yule mwana akaja na wenzake, wameshika fimbo na minyororo ya baiskeli. Jirani alikuwa anasaga, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi, nami nilikuwa kando na vyombo vyangu.

"Baba, leo munaenda kwenu."

"Kwetu iko wapi? Nilizalikwa hapa, nyuma ya nyumba ya mama yako."

"Kwenu Kasai."

"Na mashini?"

"Mashini iko ya Katanga. Inabakia."

"Bukari ya jana, ulikula?"

"Nilikula, baba. Aksanti sana. Sasa toka."

Hakuna mwanamke aliyetoka kwenye mstari. Mmoja tu ndiye aliyeuliza nani atamsagia yake.

Walimpa nafasi ya kufunga nguo. Mke wake akaingia ndani kufunga. Jirani akazima mashini, akaninyooshea mkono. "Prof, nipatie ile kle." Nikampa spana. Vijana wakacheka, wakidhani anakaza: Mukasai huyu anapenda chuma kuliko suruali! Ekru zilikuwa zinafunguka. Mguso mmoja wa spana, halafu vidole tu, laini kama vifuniko vya chupa. Tulikuwa tumezisafisha vizuri mno. Alizitia ndani ya mkebe wa maziwa, mkebe ndani ya sufuria, mwiko juu yake. Kisha akanirudishia spana.

"Aksanti kwa munkoyo," alisema, akapanda lori la kwenda kambini na mke wake, sufuria mkononi.

Kesho yake vijana waliwasha mashini. Ilitetemeka kama mlevi kwenye matanga, ikatema kifuniko chake. Wakaja kwangu.

"Mukubwa, tutafutie ekru."

Mashini ilikuwa ya Kiingereza, na ekru za dukani zilikuwa za Kibelgiji, hazikuingia. Vyombo vya kuchongea nyingine nilikuwa navyo, mezani, mbele ya macho yao. Nikawaambia ekru za namna ile zilitengenezwa na mzee mmoja tu kule Ulaya, naye alikufa akazikwa na kipimo chake. Walitazama diploma ukutani, wakaamini. Karatasi ile haikuwahi kunifanyia kazi nyingine.

Wanawake wakarudi kusaga mbali, mke wangu akiwemo. "Wewe ulifunga mdomo," aliniambia, "lakini kichwa kinachobeba ni changu."

Baadaye treni zilichukua watu wa kambini kwenda Kasai. Sikusikia habari yake tena. Wapangaji wapya wa nyumba yake walifunga mbuzi kwenye mashini, na mvua ikaja. Nikaenda, nikazichomoa buloni, nikazitia tena kwenye munkoyo.

"Unazisafishia nani?" mke wangu akauliza.

"Mwenye ekru," nikasema, nikacheka, kama kawaida yangu.

Yeye hakucheka. Alijitwika beseni lake la mahindi, akashika njia ya kwenda kusaga.